Kukata na kutamka maneno marefu ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Mbeya au Iringa, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukutana na maneno haya kwenye Jiografia na Baiolojia kabla hajayasikia yakitamkwa. Habari njema ni kwamba yameungwa kwa vipande vinavyojirudia.

Anza kukata mkiani. Chukua irrigation (umwagiliaji), jambo ambalo wakulima wa mpunga Mbarali wanaliishi. Ondoa -tion; hutamkwa "shn", kamwe si "tioni". Kisha tazama mbele: ir- ni kiambishi in- kilichobadilika kwa kukutana na r. Kikikutana na l huwa il-, na mbele ya p au m huwa im-. Ndiyo maana r zimeandikwa mbili japo inasikika moja. Kilichobaki kigawe kwa kufuata irabu: ir-ri-ga-tion, silabi nne.

Sasa mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi (nitaiandika kwa herufi kubwa); hapa ndipo wengi huharibu. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiongeza irabu mwishoni ukasema "irigesheni", mkazo unahamia kwenye "she", na asiyezoea Kiswahili anaweza asilitambue neno. Maneno ya -tion, -sion, -ity, -ic na -ical hukaziwa silabi inayotangulia kiambishi: i-ri-GEI-shn. Kwa hiyo neno likirefuka, mkazo nao husogea: e-LEC-tric, lakini e-lec-TRI-ci-ty, na ile c ya "k" inageuka "s" kwa kuwa imefuatwa na i. Vitenzi virefu vya -ate hukaziwa silabi ya tatu kutoka mwisho: GER-mi-nate, nomino yake ni ger-mi-NA-tion. Wakaidi wapo, wakariri tu: TE-le-vi-sion, PO-li-tics, CA-tho-lic.

Mazoezi yafanye kwa kurudi nyuma, maana ukianzia mwanzo pumzi na ujasiri huisha katikati: shn, gei-shn, ri-gei-shn, i-ri-gei-shn. Piga kofi kwenye GEI peke yake. Silabi nyingine zipite haraka. Sisi tumezoea kuipa kila irabu haki yake, Kiingereza hufifisha zisizo na mkazo.

Kwenye n ya mwisho, ulimi ubaki umegusa ufizi wa juu mpaka sauti iishe kabisa. Ukiuachia mapema, ile i ya mwisho ya "irigesheni" hupenya.