Kuchagua betri ndogo ya kuendeshea redio ya gari nyumbani
Redio iliyotolewa kwenye gari bovu hufaa sana nyumbani hapa Goma, ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mradi ipate betri inayoiweza. Hutaka volti 12, na kwa sauti ya wastani hula ampea 1 hadi 2 hivi; kwa hiyo betri ndogo ya risasi iliyozibwa, ya ampea-saa 7 (yaani huweza kutoa ampea 1 kwa saa 7 hivi), itaiendesha kwa saa mbili au tatu tu, kwa kuwa haifai kuitumia kupita nusu. Mimi napendelea betri ya lithiamu ya aina iitwayo LiFePO4, ambayo ni nyepesi na huvumilia kutumiwa karibu yote, ila sharti iwe na saketi ya ulinzi na chaja yake maalumu. Unapokwenda kununua, beba mita ya kupimia volti: betri ya risasi iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.7, na ikiwa chini ya 12, iache hata ukipunguziwa bei. Kwa kawaida waya wa njano wa redio huenda kwenye chanya moja kwa moja, mwekundu hupitia swichi, mweusi huenda kwenye hasi. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na betri, maana hata betri ndogo huweza kuunguza nyaya na kuteketeza nyumba.