Kudunga sindano ya goti lililosagika kwa kuongozwa na ultrasaundi
Mlaze mgonjwa chali na uweke taulo iliyokunjwa chini ya goti ili lipinde nyuzi 20 hadi 30, kwa maana mkunjo huo mdogo hukaza kano ya msuli wa paja na kusukuma maji kwenye mfuko ulio juu ya pia ya goti. Weka kichwa cha mashine ya ultrasaundi (inayoonyesha ndani ya goti kwa mawimbi ya sauti) juu kidogo ya pia, kwanza kwa urefu wa paja, kisha kigeuze kwa upana. Maji huonekana kama utepe mweusi kati ya tabaka mbili za mafuta. Ukikandamiza mno utepe hutoweka, nawe ukadhani goti ni kavu, kwa hiyo legeza mkono.

Baada ya kuua vijidudu kwenye ngozi na kuitia ganzi, ingiza sindano kutoka upande wa nje wa goti, sambamba na kichwa cha mashine, na usiisukume kamwe kabla hujaiona ncha yake. Vuta maji kwanza: yakiwa na ukungu kama usaha, yapeleke maabara na usidunge steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) siku hiyo. Yakiwa maangavu, dunga dawa polepole, mara nyingi steroidi iitwayo triamsinoloni, miligramu 40, ukiangalia mfuko unavyotanuka. Dawa ikigoma kuingia, usilazimishe, bali rudisha ncha nyuma kidogo.