Kabla Hujafukia Mbegu ya Mumunye

Wengi huanza na mbegu. Mimi nasema anza na chanja. Mmumunye ukishachangamka hutambaa mita tano na zaidi, na usipoandaliwa pa kushika utapanda kamba ya nguo, utapanda mpapai, mwisho utavuka ukuta kwa jirani. Mwaka wangu wa kwanza nilisimamisha vifito vyembamba maua yakiwa yameshatoka. Vikalala vyote usiku wa mvua, na mmea juu yake. Chimbia kwanza nguzo imara za kimo cha mtu, laza fito juu, ndipo uchimbe shimo. Tunda linaloning'inia hunyooka, tena haliozi tumbo kama lile linalolala kwenye tope la masika.

Shimo liwe futi moja na nusu kila upande, udongo wake uchanganywe na samadi iliyooza sawasawa, maana mbichi huunguza mizizi. Mahali pawe pa jua, pasipotuama maji. Mashina mawili yanatosha nyumba moja.

Kwenye mbegu usiwe na haraka. Usichukue za kibuyu cha pambo wala za mmea uliojiotea jalalani. Mimumunye huchavushana ovyo, na kizazi kinachofuata kinaweza kuzaa matunda machungu. Uchungu huo si kama wa karela, ile mboga chungu inayoliwa. Ni sumu, hauishi kwa kupikwa, na hutapisha na kuharisha vibaya. Hata kwa mbegu unayoiamini, kabla ya kupika kata kipande, gusisha ulimi, tema. Likiwa chungu, tupa lote. Mbegu zenyewe ziloweke usiku kucha kabla ya kupanda.

Maua yake ni meupe na hufunguka jioni, kwa hiyo nondo ndio wageni wake. Ya kiume hutangulia. Yakidondoka usidhani mmea unaumwa. La kike utalijua kwa kimumunye kidogo kilicho chini yake. Vikiwa vinageuka njano na kuanguka, nondo hawatoshi: chuma ua dume jioni hiyo hiyo, ulisugue taratibu ndani ya la kike. Dawa ya wadudu usiipulize wakati huo.

Weka tayari na vimfuko vya karatasi au kitambaa. Ua likinyauka tu, vika kitunda, la sivyo inzi wa matunda watakitoboa na kutaga mayai ndani.

"Mumunye huharibikia ukubwani," walisema wahenga wakiwalenga watoto, lakini mwenye bustani alisikie neno hilo kama lilivyo. Bonyeza kwa ukucha: ukizama kirahisi, chuma leo, tia nazi. Ukigoma umechelewa. Moja liache kwa makusudi likaukie mtini, upate mbegu za msimu ujao na kata ya kuchotea maji.