Somo: Kucha nyeusi za wakimbiaji, kuzikinga na kuziuguza

Wanakikundi, asalaam aleikum.

Kila tukimaliza mbio ndefu za Jumapili, hakosekani mwenzetu anayevua raba pale uwanja wa Gombani akakuta kidole gumba kimevilia damu chini ya kucha. Wapo wanaoifurahia, wakiona ndiyo alama ya mtu aliyekimbia kwelikweli. Mimi siikubali rai hiyo. Kucha nyeusi ni kucha iliyogongwa na ncha ya kiatu maelfu ya mara, na mara nyingi ingeepukika. Sisi wa Pemba tuna sababu zaidi ya kulijua hili, maana kisiwa chetu ni vilima na mabonde, na kinachoua kucha ni mteremko kuliko mpando.

Kwanza, kinachotokea. Unapoteremka, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu. Kucha inagonga, vijishipa vilivyo chini yake vinapasuka, na damu inakosa pa kutokea. Kule kupwita kwa kidole usiku ni damu iliyobanwa.

Pili, raba. Niliwahi kununua raba za mtumba asubuhi, zikanikaa barabara, nikarudi nyumbani nimefurahi. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimepoteza kucha mbili. Mguu huvimba kwa joto na kwa kutembea, kwa hiyo nenda kanunue jioni, na uchukue soksi zako za mbio. Simama, usipimie umekaa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono, kiasi cha sentimita 1 hadi 1.5. Angalia vizuri kidole kirefu ni kipi, maana kwa wengi ni cha pili. Kwenye mitumba mimi huchomoa soli ya ndani, nikaiweka chini na kuikanyaga. Vidole vikimwagika pembeni, au vikifika ukingoni, nairudisha raba hata kama bei ni nzuri.

Tatu, kufunga kamba. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kiatu kikubwa kilichofungwa ovyo kinaumiza sawasawa na kidogo. Tazama raba yako karibu na kifundo: nyingi zina tundu moja la ziada ambalo hatulitumii. Ingiza kamba ya kila upande kwenye tundu hilo la upande uleule, usiivute yote, ibaki kitanzi kidogo. Kisha pitisha kamba ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye cha kulia. Vuta kuelekea chini, halafu funga kama kawaida. Kisigino kitashikwa nyuma, na vidole vitabaki na nafasi yao mbele. Jaribu kwenye mteremko mfupi. Ukisikia vidole vinagusa ncha, fungua ufunge tena.

Nne, kukata kucha. Wengi wetu hukata Ijumaa, na hiyo inatufaa sana kwa sababu Jumapili inakuta kidole kimeshatulia. Kata baada ya kuoga, kucha zikiwa laini, na ukate moja kwa moja. Usizungushe pembe kama za mkono, kwani pembe iliyochimbwa huja ikaota ndani ya nyama. Bakisha kama milimita moja. Ukipitisha kidole cha mkono kwenye ncha, uguse nyama kabla ya kucha.

Tano, mteremko wenyewe. Fupisha hatua na uziongeze wingi. Usiegemee nyuma ukajizuia kwa kisigino, maana kila unapofunga breki hivyo mguu unasukumwa mbele. Soksi ziwe kavu, zisizo na mshono mnene vidoleni.

Ikishavilia. Kama haiumi, iache kabisa. Ikiwa inapwita hupati usingizi, nenda hospitali ndani ya siku moja au mbili, kabla damu haijaganda. Watatoboa kitundu juu ya kucha, damu itoke, na utapata nafuu papo hapo. Usijitoboe nyumbani kwa sindano ya moto, utaingiza vijidudu. Pakiwa na usaha, wekundu unaopanda au homa, usingoje.

Masuali ya wanachama

*Kucha yangu inaning'inia. Niing'oe?*

Usiing'oe. Kata sehemu iliyoachia tu, ile inayoshika uiache, inakinga nyama changa. Osha kwa maji na sabuni, paka vaselini, funga bandeji safi. Ya dole gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota yote, na mwanzo huja na mikunjo, hilo lisikutie hofu.

*Miguu yangu ina hina ya harusi. Nitajuaje kama chini kuna damu?*

Dada yangu, hina inakufundisha kuliko mimi. Umeona mstari wake unavyosogea mbele mwezi baada ya mwezi, na kucha safi ikitokea kwenye shina? Doa la damu husogea vivyo hivyo. Kwa sasa, ikiuma ukiibonyeza au ikiwa imenyanyuka, ihesabu kuwa imeumia. Hina ikishatoka, tazama doa: baada ya wiki sita au nane lazima lisogee. Lisiposogea, au ukiona mstari mweusi mpya kwenye kucha moja tu unaotoka shinani hadi nchani na kuzidi upana, au weusi ukimwagika kwenye ngozi, nenda kwa daktari. Sisi weusi wengi tuna mistari isiyo na madhara kwenye kucha kadhaa, lakini mpya na wa peke yake hupimwa. Bob Marley alidhaniwa ameumia kidole kwenye mpira. Mwaka 1977 ikajulikana kuwa ni saratani ya ngozi chini ya kucha, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki, umri wake miaka 36.

*Bibi amenipa mafuta ya makonyo nitie kwenye kucha iliyotoka. Yafaa?*

Mwambie bibi ahsante, lakini usiyatie. Makonyo ni vikonyo vya karafuu, na mafuta yake yana yujenoli, ndiyo dawa inayotia ganzi jino, ila yakiwa mazito hivyo huunguza nyama mbichi.

*Kila nikitawadha bandeji inarowa.*

Ibadilishe, usikae na bandeji iliyorowa, na ukaushe kati ya vidole. Ikiwa tabibu amekukataza maji, hukumu ya kupaka maji juu ya bandeji muulize sheikh wako, hiyo si fani yangu.

*Mama ana sukari, anatembea nasi asubuhi. Kucha moja imekuwa nyeusi lakini anasema haimuumi.*

Huko kutouma ndiko kunakonitia wasiwasi. Sukari huua hisia za miguu, kidonda kikaingia ndani mtu hana habari. Mpeleke hospitali leo, asikate kucha hiyo wala kuichokonoa. Na kila jioni akaguliwe nyayo na kati ya vidole. Kama hawezi kuinama, mkague wewe.