Somo: Misuli ya Mguu Kuanzia Goti Hadi Unyayo, Ijifunze kwa Kujipapasa

Wengi huanza somo hili na majina, na majina huwashinda mapema. Sisi tutapita njia nyingine. Vua viatu, pandisha suruali hadi magotini, keti kwenye kiti kinachokuwezesha kukanyaga sakafu vizuri, kisha uwe tayari kujipapasa.

Kanuni ni moja tu: angalia kano (kamba inayoushika msuli kwenye mfupa) inapita upande gani wa kifundo cha mguu. Ikipita mbele, msuli wake huinua unyayo. Ikipita nyuma, huushusha. Ikipita ndani, huugeuza unyayo utazamane na mwenzake. Ikipita nje, huugeuza utazame nje. Kano nyingi hufanya mawili kwa pamoja. Ukiishika kanuni hii, majina yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Mifupa

Pitisha vidole mbele ya muundi. Mfupa wenye ukingo mkali chini ya ngozi ni tibia, na mwisho wake wa chini ndio kifundo cha ndani. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, utagusa kinundu: hicho ni kichwa cha fibula. Ukiufuata mfupa huo kushuka utakupotea ndani ya nyama, halafu utautambua tena pale kwenye kifundo cha nje. Chini ya vifundo kuna mifupa 26 kwa kila mguu; michache tutakutana nayo njiani.

Hatua ya 2: Mbele

Kisigino kikiwa sakafuni, inua unyayo. Nyama inayokaza kando ya ule ukingo wa tibia, upande wa nje, ni tibialisi ya mbele. Kano yake nene inasimama mbele ya kifundo, upande wa ndani. Sasa inua kidole gumba peke yake: kano ya pili inatokeza jirani yake. Legeza mguu, weka ncha za vidole vya mkono nje kidogo ya kano hiyo, juu ya unyayo, usibonyeze sana. Watu wengi husikia mapigo ya ateri hapo.

Vitabu husema msuli huu huinua unyayo, wakaishia hapo. Kazi yake kubwa ni breki. Kisigino kikigusa ardhi, unyayo ungeanguka pa! kama usingeshikiliwa. Tibialisi ya mbele huushusha taratibu, ikiwa imekaza huku inarefuka. Ndiyo maana ukishuka mteremko mrefu huumia mbele ya muundi, si nyuma. Na mtu ambaye neva ya msuli huu imeumia utamjua hata kabla hujamwona, maana kila hatua yake inapiga sakafu.

Hatua ya 3: Nje

Geuza unyayo utazame nje. Nyuma ya kifundo cha nje zinakaza kano mbili, za peroneasi ndefu na peroneasi fupi. Ile fupi inaishia kwenye kinundu unachokigusa katikati ya ukingo wa nje wa unyayo. Ndefu inapita chini ya unyayo, inaukata kwa mshazari hadi upande wa kidole gumba. Hawa ndio walinzi wako mguu unapotaka kuteguka kwa kupinda ndani.

Neva inayowahudumia imezunguka shingo ya fibula, chini tu ya kile kinundu cha Hatua ya 1, karibu sana na ngozi. Ukikaa umepandisha mguu juu ya mwingine kwa muda mrefu, neva hiyo hubanwa na unyayo hufa ganzi.

Hatua ya 4: Nyuma

Hapa tusiwe na haraka. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa iliyolaliana, na wengi hudhani ni mmoja. Wa juu, wenye vichwa viwili, ni gastroknemiasi. Vichwa vyake vinaanzia kwenye mfupa wa paja, kwa hiyo inavuka goti na kifundo. Chini yake kuna soleasi, inayoanzia kwenye tibia na fibula na haihusiani na goti kabisa. Zote mbili huungana na kuwa kano ya Akilesi, nene kuliko kano zote za mwili, inayojishika nyuma ya mfupa wa kisigino.

Kuzitofautisha, kaa na goti lililokunjwa, inua visigino, ushike shavu la mguu. Sehemu ya juu inabaki laini, kwa sababu goti likikunjwa gastroknemiasi inalegea na nguvu yake inapungua sana. Teremsha vidole kandokando ya kano: huko pamekaza. Hiyo ni soleasi. Kisha simama, goti limenyooka, uinue visigino tena. Sasa lile shavu la juu linakaza na kugawanyika vipande viwili waziwazi. Kwa hiyo anayenyoosha mguu wake akiwa na goti lililonyooka tu, soleasi hajaifikia vizuri. Anyooshe pia goti likiwa limekunjwa kidogo.

Soleasi haipumziki hata ukisimama tu. Uzito wa mwili huangukia mbele kidogo ya kifundo, na soleasi ndiyo inayokuzuia usiangukie uso. Kila ikikaza, inakamua pia vena zilizo ndani yake na kurudisha damu juu. Askari wa gwaride anayeganda bila kutikisika anainyima damu msukumo huo, na baadhi yao huzimia.

Hatua ya 5: Ndani kabisa

Nyuma ya kifundo cha ndani zinapita kano tatu kutoka chini ya soleasi. Ya mbele kabisa ni ya tibialisi ya nyuma, na kwangu ndiyo inayostahili heshima zaidi, kwa kuwa inaushikilia upinde wa unyayo. Simama kwa mguu mmoja, inua kisigino, mwenzako akutazame kwa nyuma: kisigino kinatakiwa kuelekea ndani kidogo. Mtu mzima ambaye unyayo wake mmoja umeanza kubapa, na kisigino hakielekei ndani, mara nyingi tatizo liko kwenye kano hii.

Hatua ya 6: Unyayo

Misuli midogo ya chini imepangwa tabaka nne. Usiikariri leo. Jaribu kuvuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Upinde ukipanda, umeiamsha. Mara ya kwanza hushindikana, endelea tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Usiku shavu la mguu hunikaza hadi nalia. Nifanyeje?

Marahaba. Nyoosha goti, kisha vuta vidole kuelekea muundi ukashikilie hapo hadi maumivu yaishe. Unairefusha gastroknemiasi pande zote mbili. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma mfululizo, usiukande. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mimi nakimbia, naumwa kwenye ukingo wa ndani wa tibia. Nipumzike?

Punguza umbali kwanza. Maumivu yakitanda sehemu ndefu ya ukingo, kwa kawaida ni msongo wa kuongeza mazoezi haraka. Yakiwa kwenye nukta moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, acha kukimbia ukapimwe, huenda mfupa una ufa.

Mwenzetu uwanjani alihisi kama amepigwa teke kisigino, akageuka hakuona mtu. Bado anaweza kushusha unyayo, kwa hiyo kano ya Akilesi iko salama, sivyo?

Hapana kaka. Rudi kwenye kanuni: kano nyingine pia zinapita nyuma ya kifundo, nazo zinaushusha unyayo, ila kwa nguvu ndogo. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, ubinye shavu la mguu. Mguu usio na jeraha, unyayo wake utacheza. Usipocheza, kano imekatika. Apelekwe leo.

Mwanangu wa miaka mitatu ana unyayo bapa.

Umri huo ni kawaida, dada. Akisimama kwa ncha za vidole upinde ukitokea, mwache acheze.

Nina uvimbe laini juu ya unyayo, mbele ya kifundo cha nje. Hauumi.

Inua vidole. Ukikaza na kujaa, na mguu wa pili una kama huo, ni tumbo la msuli mfupi unaoinua vidole. Watu huupaka dawa bure.