Jinsi ya kuandaa maonyesho ya picha za safari za anga kwa shule yako: mwongozo kutoka Kigoma

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Jiografia, Fizikia au Historia, mlezi wa klabu ya sayansi, na mwenye steshenari anayeombwa na shule amchapie "zile picha za mwezini". Kazi yangu ni kuchapa picha hapa Mwanga, Kigoma mjini, na katika kazi zote zinazopita mezani kwangu hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Picha zenyewe zipo, ziko wazi kwa umma, wala hazilipiwi. Shida ni kwamba nyingi zinazoletwa kwangu kwenye flashi zimetoka kwenye makundi ya WhatsApp: zimepunguzwa ukubwa, na hazina jina la mpigaji, tarehe wala namba. Mwanafunzi akiuliza, "Tutajuaje kama hii ni ya kweli?" mwalimu anakosa la kumjibu. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinalinda kitu kimoja, nacho ni namba ya picha.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma namba

Chukua picha maarufu kuliko zote, ile ya mwanaanga Buzz Aldrin amesimama mwezini, na kioo cha kofia yake kikimwonyesha aliyekuwa akimpiga. Namba yake ni AS11-40-5903. AS inasimama kwa chombo cha Apollo na roketi yake ya Saturn. 11 ni safari ya Apollo 11, mojawapo ya safari za Marekani za kwenda mwezini, 40 ni kaseti ya filamu, na 5903 ni fremu. Ukishaijua namba hii unaweza kuitafuta picha iliyopigwa kabla yake na iliyofuata, ukaona tukio zima lilivyokwenda. Picha moja inaweza kudanganya, lakini ni vigumu sana kughushi kaseti nzima yenye fremu zinazofuatana.

Kamera zilikuwa Hasselblad zenye filamu ya mm 70. Wakati wa kurudi wanaanga waliziacha kamera mwezini ili kupunguza uzito, wakabeba kaseti za filamu peke yake. Filamu hizo zinahifadhiwa kwenye baridi kali Houston, Marekani, na tunachopakua sisi ni nakala zilizoskaniwa kutoka kwenye filamu hizo. Kamera iliyotumika juu ya mwezi ilikuwa na kioo chenye alama ndogo 25 za msalaba, kila moja mm 10 kutoka kwa mwenzake, na alama hizo zimo ndani ya picha. Zilisaidia kupima. Mteja akikuomba uzifute "picha iwe safi", kataa kwa upole. Ila usishtuke ukizikosa kwenye picha za Apollo 8, kwa sababu kamera za safari ile hazikuwa na kioo hicho.

Hatua ya 2: Fungua hifadhi yenyewe

Anza na images.nasa.gov, maktaba ya picha, video na sauti ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2017. Andika namba ya picha au jina la safari kwenye kisanduku cha kutafutia. Maneno ya Kiswahili hayatakusaidia hapo, kwa hiyo tafuta kwa majina: "Apollo 11", "Gemini 4", "Voyager". Weka mipaka ya miaka ili usizame kwenye matokeo elfu.

Ukitaka kaseti nzima za Apollo, fremu kwa fremu, zikiwemo zilizotoka na ukungu na zilizopigwa kimakosa, nenda Flickr kwenye Project Apollo Archive. Tangu mwaka 2015 wamepandisha maelfu ya picha ambazo hazijarekebishwa. Kwa darasa la historia ningechagua hii kuliko zote, kwa sababu wanafunzi wanaona kazi jinsi ilivyokuwa na si matokeo mazuri tu. Kwa skani kubwa kabisa za Apollo na za safari zilizoitangulia, Mercury na Gemini, tafuta March to the Moon ya Chuo Kikuu cha Arizona State.

Kuhusu bando: usipakue faili kubwa kabla hujachagua. Maktaba ya NASA inakupa ukubwa tofauti wa picha ileile, kutoka kijipicha hadi faili ya asili. Chagua kwa kutumia ndogo, kisha pakua za asili zile tu utakazochapa.

Hatua ya 3: Tafuta ziwa lako

Hapa usiwe na haraka. Kuna hifadhi ya picha za dunia zilizopigwa na wanaanga wenyewe madirishani mwa vyombo vyao. Inaitwa Gateway to Astronaut Photography of Earth, na anwani yake ni eol.jsc.nasa.gov. Kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka dunia kwenye kimo cha takriban km 400, na njia yake inapita juu ya nchi yetu tena na tena. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa takriban km 670, ni alama ambayo mwanaanga haikosi.

Unaweza kutafuta kwa jina la ziwa au kwa latitudo na longitudo. Kwa Kigoma weka -4.9 na 29.6, na kwa Tabora -5.0 na 32.8. Alama ya kutoa ni lazima, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau utapelekwa kaskazini, mbali na nyumbani.

Kila picha ina ukurasa wake wa maelezo, na ndani yake kuna mambo manne ya kusoma. Kwanza namba: ikianza na STS ni ya safari za vyombo vilivyokuwa vikipaa na kurudi, na ikianza na ISS ni ya kituo cha anga. Pili, kiasi cha mawingu kwa asilimia, kitakachokuokolea bando. Tatu, utaona sehemu mbili za kijiografia, ile iliyo katikati ya picha na ile ambayo chombo kilikuwa juu yake wakati huo. Zinaweza kutofautiana sana, maana mwanaanga aliye juu ya Kongo anaweza kuelekeza lenzi kwetu. Nne ni muda, ambao umeandikwa kwa saa za Greenwich. Ongeza saa tatu, kisha ugeuze kwa saa zetu: 07:30 ya Greenwich ni saa nne na nusu asubuhi hapa Kigoma. Mwanafunzi akijua picha ilipigwa saa nne na nusu asubuhi, ataangalia vivuli na mng'ao wa jua majini kwa jicho jingine kabisa.

Mara nyingi kaskazini haiko juu ya picha, kwa sababu kule hakuna anayesimama wima. Ili usipotee, tafuta rasi ya Ubwari upande wa Kongo, iliyochomoza ziwani kama kidole. Ukishaipata, vuka kuja upande wetu na uteremke kusini hadi Kigoma na Ujiji, kisha delta ya mto Malagarasi. Geuza picha kaskazini iwe juu, na uandike kwenye maelezo kwamba umeigeuza.

Hatua ya 4: Jibu swali la bendera kabla halijaulizwa

Litaulizwa. Kila shule niliyochapia kuna aliyesikia kwamba bendera ya mwezini inapepea, kwa hiyo safari ni ya uongo. Usibishane kwa maneno. Chapa AS11-40-5874 na AS11-40-5875, uzitundike pamoja. Ya kwanza Aldrin anapiga saluti, ya pili ameshusha mkono. Waambie wanafunzi wafuate mikunjo ya kitambaa mmoja baada ya mwingine. Mtu amejongea, lakini mikunjo haikubadilika hata kidogo. Bendera ilishikiliwa juu na fito ya kulala ambayo haikunyooka yote, ndiyo maana kitambaa kilibaki na mawimbi.

Swali la pili ni la nyota: mbona anga ni jeusi tupu? Ilikuwa mchana. Ardhi ya mwezi iliangazwa na jua kali, na kamera ilifunguka kwa sehemu ya 1/250 ya sekunde. Muda mfupi hivyo hautoshi kunasa nyota. Wanafunzi wenye simu nzuri wanaweza kujaribu usiku: wapige picha ya mtu aliye chini ya taa kali, kisha watafute nyota nyuma yake. Na ukiona picha ya kawaida ya mwanaanga wa Apollo akiwa mwezini, yenye nyota zimejaa angani, hiyo imechezewa. Iache.

Hatua ya 5: Haki za matumizi

Kwa jumla picha za NASA hazina hakimiliki ndani ya Marekani, na shule inaweza kuzitumia bila kuomba. Taja NASA kama chanzo. Usiweke nembo yao kwenye bango lako kana kwamba wamekudhamini, wala usitumie sura ya mwanaanga kutangaza biashara. Picha za shirika la Ulaya, ESA, na zile za Urusi na Sovieti zina masharti tofauti, kwa hiyo soma ukurasa wa kila picha kabla ya kuipakua.

Hatua ya 6: Pakua, tunza jina, chapa

Usibadilishe jina la faili likapoteza namba. Ukitaka kuongeza neno, liweke mwishoni: AS11-40-5903_Aldrin. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti na si kama picha, kwa sababu ukiituma kama picha inabanwa na taarifa zilizofichwa ndani ya faili zinapotea.

Kwa A3 inayotazamwa kwa karibu unahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Kwa bango la ukutani ambalo watu wanasimama hatua mbili kutoka kwake, nusu ya hapo inatosha. Chini ya hapo shuka uchape A4, usilazimishe.

Anga jeusi linakunywa wino, mwambie mteja mapema. Chagua karatasi isiyong'aa, maana madarasa yetu yana madirisha mapana na karatasi ya glosi itaonyesha dirisha badala ya Mwezi. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe ichape kwa wino mweusi pekee, la sivyo kijivu cha Mwezi kitatoka na ukijani. Acha wino ukauke vizuri kabla ya laminesheni. Na tafadhali usiongeze rangi. Mwezi ni wa kijivu kweli.

Hatua ya 7: Andika maelezo

Yawe mafupi, yenye mambo matano: kinachoonekana, mahali, tarehe, mpigaji, namba. Mfano: "Buzz Aldrin kwenye Bahari ya Utulivu, Mwezini, Julai 1969. Mpigaji: Neil Armstrong. NASA, AS11-40-5903."

Nimeandika Julai tu kwa makusudi. Armstrong alikanyaga Mwezi saa 02:56 ya Greenwich, tarehe 21. Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20, na hapa kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 21. Ukitaka kuandika siku, taja ni saa za wapi. Mpigaji naye asisahaulike. Armstrong ndiye aliyeshika kamera muda mwingi, ndiyo maana picha zake mwenyewe akiwa mwezini ni chache mno. Mojawapo ni AS11-40-5886, anapoonekana kwa mgongo akifanya kazi kando ya chombo.

Hatua ya 8: Panga ukuta

Panga kwa miaka, na usianzie Apollo. Anzia 24 Oktoba 1946, roketi ya V-2 iliporushwa kutoka White Sands, New Mexico, na kamera iliyokuwamo ikapiga picha ya kwanza ya dunia kutoka angani. Roketi ilianguka ikavunjika, lakini filamu ilikuwa ndani ya kasha la chuma na ikapona. Fuatisha Luna 3 ya Sovieti, Oktoba 1959, iliyotuonyesha kwa mara ya kwanza upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani. Kisha AS08-14-2383, dunia ikichomoza juu ya Mwezi, iliyopigwa na mwanaanga Bill Anders wa Apollo 8 tarehe 24 Desemba 1968.

Baada ya hapo weka Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setelaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Tafuta picha ya Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo, akiikagua pamoja na mwanafizikia Bruno Rossi. Chini yake ongeza maelezo kuhusu kituo cha Zanzibar kilichofuatilia vyombo vya Mercury mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika mazungumzo ya mwanaanga wa Mercury John Glenn na vituo vya ardhini, Februari 1962, Zanzibar imo. Wanafunzi wanastahili kujua kwamba ardhi yao ilikuwa sehemu ya kazi hii.

AS17-148-22727, ya tarehe 7 Desemba 1972, ipe karatasi kubwa kuliko zote. Ni dunia nzima, na bara linaloonekana vizuri zaidi ni Afrika, Madagaska ikiwa kando. Kwenye filamu ya asili kusini iko juu. Chapa nakala mbili, moja ilivyo na nyingine imegeuzwa, uzitundike pamoja. Mpigaji andika "wanaanga wa Apollo 17", kwa kuwa picha hii inahesabiwa kuwa ya wote watatu.

Mwishoni kaa na picha ya ziwa uliyoipata katika hatua ya 3. Itundike kwenye kimo cha macho ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza, weka kalamu na karatasi tupu pembeni, na uwaombe waandike majina ya vijiji wanavyovitambua ufukweni. Faili zote, pamoja na orodha ya namba, ziachie shule kwenye flashi mbili: moja ya mwalimu, nyingine ya maktaba.