Jalada lipe alama zake peke yake

Ukitaka kuandika maoni kuhusu toleo jipya la katuni, usikimbilie kulifungua. Lisimamishe mezani, rudi nyuma hatua kadhaa, ulitazame kama vile limepangwa kwenye meza ya muuza magazeti pale Posta, watu wakipita na haraka zao. Jina linasomeka? Jicho linatua wapi kwanza? Andika hapo hapo, maana ukishaijua hadithi huwezi tena kuliona jalada kwa macho ya mnunuzi.

Halafu tafuta majina ya wachoraji, mara nyingi yako kwenye kurasa za mwanzo. Hapa ndipo wengi wanapochemsha: wanammwagia sifa mchoraji wa kurasa za ndani kwa jalada ambalo hakulichora. Kwa katuni za Marekani jambo hili ni la kawaida, tena la zamani. Spider-Man alipotokea mara ya kwanza mwaka 1962, kurasa za ndani zilikuwa za Steve Ditko, ila jalada alilichora Jack Kirby, Ditko akalipitishia wino tu. Siku hizi toleo moja linaweza kutoka na majalada kadhaa, kwa hiyo taja unazungumzia lipi.

Ndani, pitia kurasa zote kwanza bila kusoma viputo vya maneno. Ukijua nani kakasirika na nani anadanganya, mchoraji kafanya kazi yake. Mimi huangalia sana mikono. Mchoraji mvivu huificha mifukoni. Na mwisho wa hadithi usiutoboe, kuna watu wa Mbagala hawajalipata bado.